Mavi ya Leta

Nyinyi vijana wa labo, maabara yetu ya udongo, mlinifanyia sherehe nzuri ya kuniaga. Mlinipa kitenge na saa ya ukutani, na shefu mpya, mkubwa wenu wa kazi, akasoma karatasi inayosema kwamba katika miaka yangu yote sikuwahi kuharibu kazi hata siku moja. Nilinyamaza kwa heshima, na pia soda zilikuwa zimeshafunguliwa. Lakini karatasi ile si kweli. Kosa kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanyika katika labo yetu nililifanya mimi, Hadija, tena nililifanya kwa usafi wangu. Sasa nina wiki ya tatu niko nyumbani Bwiza, hapa Bujumbura, sina cha kupima, basi nimeona niliandike.

Lazima mjue kwanza nimetoka nyumba gani. Baba yangu alikuwa fundi wa magari, mikono yake ilikuwa na grisi mpaka siku ya Idi, na mama yangu alipigana na grisi ile maisha yake yote. Kizingiti chetu kilipigwa deki kabla jua halijachomoza. Mama alikuwa akisema usafi ni nusu ya imani, na kwa jinsi alivyotukimbiza na ufagio, sijui alipata wapi muda wa nusu ile nyingine. Nikakua hivyohivyo. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu, macho yangu yanakwenda kwenye pembe za sakafu kabla sijamjulia hali mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Mzee Melkiori, aliyekuwa mkubwa wa mafundi wa labo, alivitazama muda mrefu, kisha akaniambia nikaoshe mikono, kwa maji tu, bila sabuni. Nikaosha. Akanimwagia kiganjani udongo uliokuja asubuhi ile kutoka milimani, akaniambia niukande. Nilipomaliza nikaelekea tena kwenye bomba, akacheka mpaka akakohoa. Akasema udongo ni mtu safi, mchafu ni mimi niliyekuja na mafuta ya chapati, sabuni ya jana na jasho la kwenye basi. Kuosha ni kabla ya kuugusa, baadaye ukitaka. Nilikasirika. Niliona mzee ananidharau kwa sababu ni msichana wa Bwiza, na ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba alikuwa ananifundisha.

Alinifundisha mengi. Namna ya kuviringisha udongo mbichi uwe uzi, halafu uzi ukunjwe uwe pete: pete ikikatika ujue mchanga ni mwingi, ikishika ujue umeshika udongo wa mfinyanzi. Namna ya kunusa, kwa sababu udongo wenye uhai una harufu ya mvua ya kwanza, na uliochoka haunuki kitu. Namna ya kumwaga maji ya haradali ndani ya fremu ya chuma na kungoja nyungunyungu wapande juu wenyewe kwa kuwashwa. Haradali tulinunua kwa Mhindi mmoja mjini ambaye mpaka anakufa aliamini tuna mgahawa.

Na faneli zetu, mnazijua. Unaweka udongo juu ya wavu, balbu juu yake, chupa ya alkoli chini. Udongo unakauka pole pole kutoka juu, wadudu wadogo wanakimbia joto, wanashuka, wanaanguka chupani, unawahesabu. Kazi ya siku tano. Isipokuwa umeme wa Bujumbura ukikatika siku ya tatu, udongo unapoa, na wadudu wanageuka wanarudi juu kwao kama watu waliosikia mkutano umeahirishwa. Nimewahi kulia mbele ya faneli, sioni haya kusema. Alkoli nayo ilifungiwa kabatini, na bado ilipungua kila Jumatatu. Mzee Melkiori aliita jambo hilo mvuke.

Basi, ikaja ile kazi ya mlimani. Juu kule ambako ukungu hautoki mpaka saa nne, kuna malisho ya watu wote, nyasi fupi, upepo, ng'ombe wa kila familia. Shefu wetu wa wakati ule, enjiniya, mtu msomi na mwenye haraka, alitaka kujua ng'ombe na mbolea wanaufanya nini uhai wa chini ya nyasi. Tukapima viwanja vya aina nne. Vingine ng'ombe wanaingia kula kila siku, vingine tumevizungushia ua wasiingie. Na kila upande, nusu ya viwanja tulitia mbolea ya dukani na nusu tukaviacha vilivyo. Kila mwezi, Jumanne ya kwanza, mtu apande achukue udongo. Magoti ya Mzee Melkiori yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo mtu huyo nikawa mimi.

Wa kulinda viwanja tulimpata palepale, mama mmoja mjane anaitwa Dafroza, nyumba yake iko chini kidogo ya malisho. Alikuwa mwembamba, maneno machache, na Kiswahili alikijua kwa sababu zamani alikuwa anashuka kuuza maharage sokoni mjini. Alikuwa na ng'ombe wawili. Mmoja marehemu mumewe alipewa na rafiki yake, na ng'ombe wa namna hiyo hauzwi, maana kumuuza ni kumuuza rafiki. Shamba la kukata majani hakuwa nalo. Ng'ombe wake waliishi kwa malisho yale, na migomba yake nyuma ya nyumba ilikuwa ya manjano kwa njaa. Hayo yote niliyaona siku ya kwanza, na sikuyafikiria tena.

Siku ile ya kwanza nilikanyaga mavi. Mabichi, mpaka kwenye kifundo cha mguu, mbele ya Shefu na dereva. Walicheka wote isipokuwa Dafroza, ambaye aliinama akanifuta mguu na majani kwa mikono yake, ameona aibu kuliko mimi. Nami kwa hasira nikamwambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: kuanzia sasa, wewe ndiye mwangalizi wa hapa, nikija nataka pawe safi. Akaitika, ndiyo madamu.

Nilimaanisha siku zangu za kuja, na nilimaanisha njia ya kupitia tu. Angalau hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye.

Miaka mitatu nilipanda mlima ule. Jioni ya Jumatatu nilimpigia simu Dafroza kwamba kesho niko njiani, na nilimkuta amesimama penye ua, kitambaa kipya kichwani, na viwanja vinang'aa. Nilifurahi. Niliwaambia mafundi wengine kwamba wangeona mahali pangu pa kazi, wangepaonea haya pao. Mpumbavu mimi. Nilikaa miaka mitatu katika malisho ya ng'ombe bila kuchafua kiatu, na haikunipitia akilini kujiuliza kwa nini.

Matokeo yakaja, tena yakanyooka kama ya kitabuni. Ndani ya ua, uhai. Penye ng'ombe, udongo mgumu, nyungunyungu wa kutafuta kwa tochi, wadudu wachache chupani. Penye ng'ombe na mbolea ya dukani, nyasi ndefu za kijani juu na ukimya chini, udongo umekuwa mchachu. Tulipima hata pumzi yake, udongo ndani ya chupa iliyofungwa na dawa inayonasa hewa unayotoa, na ule wa penye ng'ombe ulipumua kama mgonjwa. Shefu alifurahi. Akaanza kuandika ripoti, na mwisho wa ripoti pendekezo: malisho ya mlima ule yafungwe, ng'ombe wote wafungwe nyumbani kwa wenyewe. Wakubwa walikuwa wanaingojea. Nilipewa niipige chapa sehemu ya majedwali, na nilipofika penye pendekezo nilimwona akilini Dafroza na ng'ombe wake wawili na mkono mtupu. Nikajiambia, sayansi ni sayansi.

Wiki ileile nikamwonyesha Mzee Melkiori chupa zangu, kwa majivuno, maana alikuwa anakaribia kustaafu na nilitaka aone mwanafunzi wake amefika wapi. Alikaa kwenye kigoda chake akazitazama moja moja mbele ya dirisha, chupa za miaka mitatu. Chai yake ikapoa. Mwisho akaniuliza dundu wako wapi. Nikamuuliza dundu gani. Akasema wale weusi wanaoviringisha mavi kwa miguu ya nyuma, katika chupa zote hizi za penye ng'ombe sijaona hata mmoja, wala watoto wao. Nikasema labda huko juu ni baridi. Akavua miwani.

“We mutoto wa Bwiza,” akasema, “ngombe za kule zinakunya wapi?”

Nikaanza kuzikusanya chupa zangu. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, si siku yangu, na simu sikupiga. Nilifika mlimani saa mbili, ukungu ungali chini, na kabla sijaona kitu nilisikia sauti ya majani yanasuguliwa. Dafroza alikuwa amepiga magoti ndani ya kiwanja cha ng'ombe. Kikapu pembeni. Alikuwa anainua kila fungu la mavi kwa mikono miwili, halafu anachukua kishada cha majani mabichi anasugua nyasi mahali lilipokuwa, mpaka zitakate. Kiwanja baada ya kiwanja. Ng'ombe walikuwa wamesimama nje wanamtazama.

Aliponiona alishtuka, akajifuta mikono, akaomba radhi kwamba sijamkuta amemaliza. Nikamuuliza anafanya hivi mara ngapi. Kila asubuhi, akasema, na jioni tena, maana usiku nao ng'ombe hawajizuii. Tangu lini? Akanitazama kama anayeulizwa jina lake.

“Tangu siku ile, madamu. Ni we ulisema nikikuja pakuwe safi. Mugeni wa Leta akanyage mavi kwangu?”

Leta ndiyo serikali, kwa wasioijua lugha yetu. Na kwa mama wa mlimani mimi nilikuwa Leta nzima, na viatu vyangu.

Nikauliza mavi yenyewe yako wapi. Nilidhani ataniambia ameyatia kwenye migomba, na haki yake, nani huku asiyejua thamani ya samadi? Lakini migomba nilikuwa nimepita karibu nayo asubuhi ile na ilikuwa ya manjano kama zamani. Akanichukua upande wa nyuma wa mteremko, ambako sikuwahi kwenda kwa sababu njia yake ina matope. Kulikuwa na lundo. Sijui niliiteje, lundo la kunifika kifuani, refu kama magari mawili yaliyofuatana, limefunikwa vizuri na majani ya migomba yaliyokauka na mawe juu. Mavi ya miaka mitatu. Nikamuuliza kwa nini hakutia shambani hata kikapu kimoja. Akasema si yake. Yametoka ndani ya viwanja vya Leta, ni mavi ya Leta, na hakuna aliyemwambia ayachukue. Alikuwa anangoja nije na gari.

Nilipiga magoti palepale kwenye matope. Nikafunua majani nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nyungunyungu walikuwa wamejaa vidoleni mwangu, wekundu, wanene, na utitiri, na kuvu nyuzi nyeupe nyeupe, na dundu weusi wanaokimbia mwanga. Kila kitu nilichokuwa nakitafuta miaka mitatu kwa haradali na balbu kilikuwa hapa, hatua hamsini kutoka kiwanjani, kimehamishwa kwa amri yangu. Hatukuwa tumepima ng'ombe. Tulikuwa tumepima ng'ombe anayekula, anakanyaga na harudishi kitu, na ng'ombe kama huyo Mungu hakumuumba. Nililia, na Dafroza akadhani ni kwa sababu nimechafuka, akakimbilia maji.

Nataka niwaambie ukweli juu ya safari ya kurudi, maana ndiyo sababu ya kuandika. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kunyamaza. Dafroza hatasema. Mzee Melkiori anaondoka mwezi ujao. Viwanja naweza kuacha vichafuke kuanzia kesho na ripoti ikaenda zake. Nina watoto wawili shuleni, mume wangu hana kazi ya kudumu. Nilifika mpaka hapa mjini na nilikuwa nimeshakata shauri kunyamaza. Kilichonigeuza si ushujaa. Nilifika nyumbani nikatawadha kwa sala ya alasiri, nikasugua mikono mara tatu, mara nne, na harufu ya lundo lile haikutoka kwenye kucha. Nikasimama pale na maji yananidondoka nikajua kwamba safi sitakuwa kwa njia hii.

Ijumaa asubuhi nikaingia kwa Shefu nikamweleza yote, kuanzia kifundo cha mguu. Alisikiliza huku kalamu iko juu ya ripoti. Nilipomaliza akaniuliza nani mwengine anajua. Nikasema Dafroza, mimi na Mzee Melkiori. Akasema basi ni watu watatu, na mmoja anakwenda kupumzika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye wakubwa wanaopiga simu kila siku. Akasema inaweza kuandikwa chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kwamba viwanja vilifanyiwa usafi.

“Shefu,” nikamwambia, “ule mlima watawafungia watu kwa sababu mi niliogopa kuchafua viatu.”

 Nikatoa kaye yangu ya mlimani, daftari lile la jalada gumu, nikalifungua juu ya meza yake, nikaandika kwa wino mbele ya macho yake: mavi ya ng'ombe yaliondolewa kila siku kwa miaka mitatu, kwa amri yangu. Nikatia sahihi.  Daftari hilo liko kwenye kabati la pili, anayetaka akaone.

Ripoti haikwenda. Shefu alinitoa kwenye kazi ya nje akaniweka kuosha chupa, miezi saba, pamoja na vijana wa mafunzo walioingia juzi. Wengine waliacha kunisalimia, wengine walinisalimia sana. Mzee Melkiori siku yake ya mwisho alikuja penye sinki akakaa karibu yangu, akaniambia kwamba sasa nimejifunza kuosha, akaenda zake. Miezi saba ilipokwisha, asubuhi moja, Shefu akasimama mlangoni ameshika bomba la chuma la kutobolea udongo, ananitazama kama mtu aliyegombana na mdomo wake. Akasema viwanja vimeongezewa muda, twende.

Tulianza upya, mavi yakikaa pale yalipoanguka. Kumzoesha Dafroza ilikuwa kazi. Mara mbili nilimkuta ameficha kikapu mgongoni. Mwaka wa pili dundu walikuwa wengi mpaka unawasikia. Nyungunyungu walirudi penye ng'ombe, na pale ng'ombe wachache walipopita bila kukaa, walizidi hata wa ndani ya ua. Karibu na lango, ambako ng'ombe walijazana, udongo ulibaki mgumu, na hilo tuliliandika pia. Kuhusu mbolea ya dukani jibu la kwanza lilisimama: nyasi zilinenepa, aina za wadudu zikapungua, kuvu zikatoweka, kwa sababu mzizi unaoletewa chakula mlangoni haumlishi tena jirani aliyekuwa akiuletea. Mlima haukufungwa. Watu wa kule walikubaliana kulisha kwa zamu, upande huu ukipumzika wanahamia ule.

Likabaki lundo. Dafroza aliniuliza kila mwezi ni lini Leta inakuja kuchukua mavi yake. Nilimwambia chukua, akakataa, anataka karatasi. Basi nikaenda kwa Shefu, na yule mtu msomi mwenye haraka akakaa chini akaandika kwa Kifaransa kizuri hati ya kumkabidhi mama Dafroza samadi yote iliyoko mahali fulani, akagonga mihuri miwili. Ndiyo hati pekee ya labo yetu niliyoiona imewekwa kwenye fremu ukutani, nyumbani kwa Dafroza. Na migomba ile, ningewaonyesha.

Juzi, wiki mbili baada ya sherehe yenu, mlango wangu ukabishwa mapema, deki ya kizingiti haijakauka. Ni Dafroza. Amezeeka, ameshuka na gari la mboga, kikapu kichwani kimefunikwa na jani la mgomba. Alivua viatu nje, miguu yake ina udongo wa kwao. Nikamwambia aingie nayo hivyohivyo. Nilidhani ni ndizi. Akakitua ndani ya lupango langu, uwanja wa nyumba uliomwagwa saruji, penye kile kipande kidogo cha ardhi karibu na ukuta ambacho hakijawahi kuotesha hata jani, akafunua. Samadi iliyoiva, nyeusi, inayonuka mvua ya kwanza, na katikati yake chipukizi la mgomba. Majirani walikuwa wanachungulia. Nikaipokea kwa mikono miwili, na machozi yalinitoka tena kama siku ile ya lundo.

“Hii si ya Leta,” akasema. “Hii ni yangu, nakupa we. Usifagie.”

Binti yangu anaamka alfajiri kama alivyofundishwa, anafagia vyumba, anafagia baraza, anafagia lupango lote. Akifika karibu na ukuta anasimamisha ufagio, ananitazama dirishani, na mimi namtikisia kichwa.